Sura ya Sita: Mkono wa Shoto wa Padri

Maiti ya mpiga kengele ililala sakafuni kanisani saa nne nzima, na kwa saa zote hizo askari wa vituo viwili walisimama juu yake wakisukumiana, hawa wakisema huyu ni wenu, wale wakisema sisi hatumjui. Marehemu mwenyewe ndiye pekee aliyekaa kimya kama mtu mwenye adabu. Mwishowe karani wa mipaka kutoka ofisi ya ardhi, aliyekuwa pale tangu kabla ya askari, akaikunjua ramani yake juu ya benchi, akaonyesha kwa ncha ya kalamu, na kituo cha Chini kikaubeba mzigo. Kufikia adhuhuri ya siku ileile jalada lilikuwa limefungwa: mlevi, aliteleza ngazi za mnara, ajali.

Mama Futi aliisoma ripoti hiyo siku ya tatu, tena amesimama, maana akiwa na hasira kiti humchoma. Alikuwa sajenti wa upelelezi wa kituo cha Juu, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushei, na jina lile alipewa na wenzake kwa sababu hatembei bila futi ya kitambaa aliyoachiwa na mama yake, fundi cherehani. Wengine hubeba bastola. Yeye husema bastola hupima kitu kimoja tu.

Maziko yalikuwa kesho saa nne asubuhi. Mtu akishafukiwa na neno "ajali" kifuani, kulifukua neno hilo ni kazi kuliko kumfukua yeye. Mama Futi alimweleza mkuu wake hivyo, na mkuu, ambaye alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu na alitaka kuimaliza akiwa amekaa, alimjibu kwamba akitaka kuuvuka mstari ule atauvuka peke yake, na pingu aziache mezani.

"Sivuki," alisema Mama Futi. "Na pingu naondoka nazo."

Ili uielewe hofu ya mkuu, lazima uijue parokia yenyewe. Ilikuwepo kabla ya lami, kabla ya bomba, kabla ya wakubwa wa mji kuzaliwa, na wengi wao wamebatizwa humo ingawa ukiwatazama huamini. Mji uliponenepa ukakatwa manispaa mbili, ya Juu na ya Chini. Waliokata walitumia rula mezani, na rula haina macho. Ikapita katikati ya kanisa, kutoka mlango mkubwa hadi altare. Toka siku hiyo maji yanatoka Juu, gari la taka linatoka Chini, na taa ya ngazini haitoki popote. Paroko wa enzi hizo aliyaandika makubaliano katika daftari la parokia, pande zote mbili zikagonga muhuri, kisha daftari likapotea. Ofisi ya ardhi ilikuwa na ramani yake, ikaliwa na mchwa. Mchwa wa ofisi ile wamesoma. Hula zile karatasi zinazotakiwa mahakamani tu.

Kwa hiyo miaka yote watu waliujua mstari kwa miguu. Hadi mwaka huu, karani wa mipaka alipokuja na vyombo vyenye miguu mitatu, akachora rasimu yake mpya. Mtaani walimwita Bwana Mipaka, na hawakuwa wanamsifu.

Mama Futi alianzia kwa dada wa marehemu, Bi Wanga. Usishtuke, hakuwa wa kuwanga. Ni wanga anaotia kwenye vitambaa vya altare, ambavyo amevifua miaka thelathini, vikikauka vinasimama vyenyewe kama askari wa gwaride. Aliishi katika safu ya nyumba za wajane, vyumba kumi na viwili vya parokia nyuma ya mnara wa kengele. Chumba chake kilikuwa na kitanda, pasi mbili za mkaa, na kamba zilizovuka kutoka ukuta hadi ukuta, hata mgeni alilazimika kuingia ameinama kama anayeomba radhi.

"Wa Juu au wa Chini?" aliuliza Bi Wanga kabla ya karibu.

"Wa Juu, mama."

"Basi kaa. Wa Chini walikunywa maji yangu, wakaniambia ndugu yangu mlevi, wakarudisha kikombe."

Akatoa mfuko wa nguo aliokabidhiwa chumba cha maiti. Ulikuwa bado umefungwa kwa fundo lake mwenyewe.

"Nimefua nguo za watu maisha yangu yote," alisema. "Hizi za ndugu yangu ndizo za kwanza kuziacha chafu. Doa ni barua, mwanangu. Na mimi sijui kusoma barua nyingine."

Shati lilinuka kileo kweli. Lakini Bi Wanga alimsogezea sajenti kola puani na kumfundisha, kama mtu anayefundisha mtoto herufi, kwamba hiyo ni divai ya altare, tena nyeupe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba paroko aachane na ile nyekundu iliyokuwa ikimharibia vitambaa. Divai hiyo hufungiwa kabatini, sakristia, chumba anamovalia padri. Na haikupita kooni, ilimwagwa kifuani, maana mlevi hujimwagia matone, hajiogeshi.

Kisha vikaja viatu. Kamba zilikuwa zimefungwa mafundo mawili mawili.

"Hivi alikutwa navyo miguuni?" aliuliza Mama Futi.

"Ndivyo alivyokutwa. Na wanasema alikuwa anashuka mnara." Bi Wanga alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na meno wala furaha. "Ndugu yangu hajawahi kupanda mnara ule na viatu. Alisema kengele husikilizwa kwa nyayo. Alivivua chini, akavipanga pamoja kama mapacha, ndipo akapanda. Hata mvua ikinyesha. Muulize mtu yeyote hapa."

Mama Futi aligeuza viatu. Nyuma ya visigino, na nyuma tu, palikuwa na wekundu wa dawa ya sakafu. Sakafu ya kanisa ni ya saruji, ya kijivu tangu enzi. Akatoa futi, akapima: vidole viwili kisigino cha kulia, vidole viwili na nusu cha kushoto. Akaandika. Mtu anayetembea huchafua nyayo. Anayechafua kisigino kwa nyuma amekokotwa.

Alipouliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu, Bi Wanga alisema alikuwa na ugomvi na paroko kuhusu kengele ya alfajiri, paroko akitaka ipigwe polepole isimwamshe. Lakini jambo kubwa lilikuwa jingine. Siku moja kabla ya kufa, mpiga kengele alisogeza kabati la mavazi sakristia afagie nyuma yake, akalikuta daftari la zamani limeanguka huko. Akamletea dada yake jioni, akamsomea huku yeye akipiga pasi. Sharti lilikuwa moja, kwamba daftari halitoki mkononi mwake mpaka Ijumaa, kwenye kikao cha mipaka, akalisome mwenyewe mbele ya watu.

"Lilisemaje?"

Bi Wanga alifumba macho. Asiyejua kusoma husikiliza mara moja, na mara moja inamtosha. "Mstari ushuke katikati ya kanisa. Mkono wa shoto wa padri asaliye ni Chini. Mkono wa kuume ni Juu. Basi. Nikacheka, nikamwambia, siku hizi nani husema mkono wa shoto, si tunasema kushoto? Akaniambia hao waliandika wakiwa na muda."

"Nani mwingine alijua daftari limepatikana?"

"Mimi, yeye na paroko. Na paroko akijua jambo, kengele ya nini tena."

Mama Futi alitabasamu, kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda tu, wao wenyewe waumini huujuaje mstari. Bi Wanga alisema wanao msemo tangu utoto: tunabatizwa Juu, tunatolewa Chini. Kisima cha ubatizo kiko upande wa mnara wa kengele, na mlango wa kutolea majeneza uko upande wa sakristia. Akatoa kopo la maziwa lenye karatasi zake, akachomoa cheti cha ubatizo chenye mikunjo kama uso wake. Mahali: Juu.

Tabasamu la Mama Futi liliondoka. Aliifungua tena ripoti ya Chini. Mwili ulikutwa hatua mbili kutoka kisima cha ubatizo. Kwa maneno yao wenyewe, kwa mwandiko wao wenyewe, mtu huyu alikutwa Juu. Walilifunga jalada lisilokuwa lao, na wenzake wa kituo cha Juu wakawaachia kwa furaha, wakarudi kwenye karata zao.

"Mama, kwa nini hukuwaambia?"

"Nani aliniuliza?" alisema Bi Wanga. "Waliniuliza jina la kuandika kwenye sanda tu."

Kanisani Mama Futi aliingia kwa mlango mkubwa na kutembea upande wa kengele tu, kama mtu anayetembea ukingoni mwa mto. Paroko alikuwa amekaa benchi la mbele na simu mbili mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye viatu vizuri, na alikuwa na hofu, na Mama Futi alipoiona hofu ile alidhani amempata mtu wake. Funguo za sakristia zilikuwa mbili, moja ya marehemu, moja ya paroko. Alfajiri ile kengele haikulia, na paroko, aliyeishi hatua ishirini kutoka mnarani, hakutoka kuuliza kwa nini. Akamkalia shingoni robo saa nzima juu ya swali hilo.

Kumbe alikuwa amelala. Alikiri kwa aibu kwamba ukimya ule ulimfurahisha, akajifunika vizuri. Mama Futi alimtazama akaamini. Uongo mtu huutunga umsaidie, na maneno haya yalimvua nguo.

"Na ufunguo wako, padri?"

Hapo simu zote mbili zikawekwa chini. Alimpa Bwana Mipaka tangu wiki iliyopita, apime vyumba. Na jioni ile daftari lilipopatikana, alimpigia amweleze, kwa nia njema, mambo yaishe, ingawa yeye hakuwa amelisoma. Tena rasimu ya ramani alikwisha kuitia sahihi bila kuisoma, rasimu ambayo nyumba za wajane ilizihamishia Chini, na huko Chini, kila mtu alijua, shamba lote nyuma ya mnara lilikuwa na mnunuzi anayesubiri. Akaanza kulia. Mama Futi hakumpa leso.

"Toba mpelekee askofu," alisema. "Mimi nishikie ncha ya futi hii."

Sakristia ilikuwa upande wa Chini, na yeye alikuwa ameahidi havuki. Basi alisimama kizingitini, akaingiza futi, hakuingiza mguu. Sakafu ilikuwa nyekundu inayong'aa, na juu yake mistari miwili mififu ilitoka kwenye kona ya kabati la mavazi hadi mlangoni. Paroko alipima kwa kuagizwa: mstari mmoja vidole viwili, wa pili vidole viwili na nusu. Kona ya kabati ilikuwa imefutwa ikawa safi kuliko kabati lenyewe.

Basi alifia sakristia, Chini, akakokotwa kuvuka kanisa zima hadi Juu, akavuliwa uhai na heshima lakini hakuvuliwa viatu. Swali likabaki moja, na lilimkera kama kokoto kiatuni. Mkuu wa kituo cha Chini alikuwa shemeji yake Bwana Mipaka. Mwenye shemeji Chini amtoe mtu Chini ampeleke Juu kwa sababu gani?

Alikaa kwenye ngazi ya altare ya zamani, ile ya ukutani isiyotumika, apumzishe miguu, na ngazi haikumkubali. Ilikuwa na mabonde mawili. Akapapasa. Magoti yalikuwa yamelila jiwe, miaka kwa miaka, na yalilila kwa upande wa watu. Aliyepiga magoti pale alitazama ukuta.

"Nani alikuwa akipiga magoti hapa?"

Paroko alisema ni mapadri wa zamani. Siku hizo padri alisali akiwapa waumini mgongo. Baadaye desturi ikageuzwa, altare ikaletwa mbele, sasa padri huwatazama watu.

Mama Futi aliinuka. Aliutazama ukuta, akanyoosha mkono wa kushoto, ukaonyesha sakristia. Akageuka akayatazama mabenchi, akanyoosha mkono uleule, ukaonyesha kengele. Akageuka tena, na tena, mwanamke mzima na unene wake, akizunguka kama mtoto anayecheza, na paroko akadhani uchungu umempanda kichwani.

"Pigia yule bwana," alisema akiwa anahema. "Mwambie aje na ramani tumalize habari ya mstari kabla ya maziko. Mwambie mimi ni mjinga, nataka kufundishwa."

Bwana Mipaka alikuja upesi, kwa maana hakuna mwenye elimu anayekataa mwaliko kama huo. Kijana wa miaka thelathini na kitu, suruali yenye mstari uliokata kuliko ule wa mipaka, na mfuko wa ngozi begani ambao hakuutua. Bi Wanga naye alikuwa ameingia na vitambaa vyake, akavitandika kwenye altare taratibu kama mtu asiyesikia.

Alimweleza sajenti kwamba alifika alfajiri ile kupima kabla ya jua kuwa kali, akakuta mzee wa watu ameanguka, akapiga simu kituo kinachohusika. Masikini, pombe.

"Kinachohusika ni Chini?"

"Ndiyo, afande. Upande huu wote wa kengele ni Chini."

"Nao waumini husema ni Juu."

"Waumini husema mengi. Mimi nimepima kwa vyombo."

Mama Futi alikuna kichwa. Aliuliza kama daftari la zamani, lile linalosemwa, lingeweza kuwa na jibu jingine. Bwana Mipaka alisema hajawahi kuliona, hajui hata rangi yake, na kwa maoni yake halipo. Sajenti akasema yeye mambo haya ya pande humchanganya, tangu shuleni kulia na kushoto alizijua kwa mkono wa kulia chakula tu. Sasa, kama daftari lingekuwepo, hao wazee wangepimaje bila vyombo?

"Rahisi tu, afande." Kijana akasimama nyuma ya altare mpya, akayatazama mabenchi, akanyoosha mkono kuelekea kengele, mzuri kama mwalimu. "Wangechukua padri. Mkono wa shoto wa padri asaliye, Chini. Huo hapo. Hata wao wanakubaliana na vyombo vyangu."

Bi Wanga aliacha kutandika.

"Umesemaje?" aliuliza Mama Futi kwa upole.

"Kushoto. Nimesema kushoto."

"Hapana, bwana mkubwa. Umesema mkono wa shoto wa padri asaliye. Umesoma chuo, unaandika barua za ofisi, na mimi nimeziona. Siku zote unaandika kushoto. Maneno hayo yako mahali pamoja tu, na mahali hapo hujawahi kupaona."

Mama Futi hakumngoja. Hasira aliyokuwa ameikalia siku nzima ilimtoka sasa kwa sauti ya chini, ambayo wanaomjua huiogopa kuliko ya juu. Alimweleza namna alivyoingia sakristia alfajiri kwa ufunguo wa paroko, akamkuta mzee na daftari, akalisoma, akafurahi, kwa kuwa alidhani linamtetea. Akalitaka. Mzee akasema halitoki. Wakavutana, mzee akaangukia kona ya kabati. Na yeye, badala ya kuita msaada, akapiga hesabu ya mashemeji: kwa kusoma kwake sakristia ilikuwa Juu, kwa Mama Futi, na kengele Chini, kwa ndugu. Akamkokota mtu mwenye umri wa baba yake, akammwagia divai.

"Ila aliyeandika yale alikuwa anautazama ukuta," alisema. "Padri amegeuka, bwana. Kushoto kwake kukageuka naye. Mtoto yeyote wa hapa angekwambia, lakini wewe hukuuliza watoto. Umembeba mwenyewe, kwa mikono yako, ukaniletea mlangoni."

Bwana Mipaka alitazama ukuta, akatazama mabenchi. Labda hakuelewa, labda hakutaka. Alichofanya ni kile ambacho mtu hufanya akizidiwa, kukimbilia alikozoea kuamini. Akapiga hatua kubwa kuelekea kengele, akasimama kando ya kisima cha ubatizo, mfuko ameukumbatia.

"Hapa ni Chini," alisema. "Huna mamlaka ya kunigusa hapa."

Mama Futi alimwacha afike, akamwacha na amalize kusema.

"Karibu Juu, mwanangu," alisema Bi Wanga. "Hapo ndipo tulipobatizwa sote."

Pingu zililia mara mbili. Ndani ya mfuko wa ngozi, chini ya rasimu, lilikuwamo daftari, limefungwa vizuri kwa nailoni. Mama Futi hakushangaa. Mwizi hutupa kinachomshtaki. Huyu alikitunza, kwa sababu mpaka dakika ile alidhani ni shahidi wake. Alimtuma paroko akawaite askari wawili wa kituo cha Juu aliowaweka nje, kisha akamwambia paroko huyohuyo aende kituoni aseme kuhusu ufunguo na simu, yote, na asiruke neno.

Walipoondoka, alikaa benchi la mbele, akatoa fomu mpya, akaiweka juu ya goti. Mahali: Juu. Akaanza kuandika. Bi Wanga akaja akasimama juu yake, akaiokota ile ripoti ya zamani pembeni.

"Hilo neno liko wapi?"

"Lipi, mama?"

"La ulevi. Nionyeshe."

Mama Futi akaweka kidole. Bi Wanga akalitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kilicholetwa kikiwa na utando wa buibui. Halafu akalisugua kwa gumba, mara moja, mara mbili. Wino haukutoka.

"Hili halitoki kwa sabuni," alisema. "Wewe hiyo karatasi yako mpya anza na hilo. Andika kwanza hakuwa mlevi. Nani alimuua, andika chini yake."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Mama Futi akaigeuza, akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, akamsomea.

"Soma tena," alisema Bi Wanga, akafumba macho.